Tupeane uzoefu: siku ya kawaida uliyomwambia Mungu "ndiyo"

Mwanzisha uzi (Dodoma)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na kwa wenzetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimesikiliza shuhuda nyingi maishani, kwenye mikesha, kwenye jumuiya na redioni. Nyingi ni za mambo makubwa: aliyeponywa, aliyenusurika ajalini, aliyepata kazi baada ya kufunga na kuomba. Utukufu kwa Mungu kwa hizo zote. Lakini zipo shuhuda ambazo hazipewi kipaza sauti, na mimi naamini ndizo zinazolibeba kanisa. Ni za mtu aliyemwambia Mungu ndiyo Jumanne mchana, jikoni au kazini, bila kwaya nyuma yake na bila mtu wa kumwona.

Kilichonisukuma ni Luka sura ya kwanza. Kila tarehe 25 Machi, wale tunaofuata kalenda ya kanisa tunakumbuka Mariamu alivyopashwa habari, na mahubiri mengi huishia kwenye jibu lake: "Tazama, mimi ni mjakazi wa Bwana, na iwe kwangu kama ulivyosema." Someni mstari huo mpaka mwisho. "Kisha malaika akaondoka akaenda zake." Baada ya hapo malaika anamtokea Yusufu ndotoni, wachungaji nao wanatokewa kondeni, ila hatusomi popote kwamba malaika alimrudia Mariamu. Amebaki na mimba na maneno ya watu. Kuna safari ya kwenda nchi ya milima kwa Elisabeti, kuna hori ya Bethlehemu, kuna kukimbilia Misri usiku, kuna siku tatu za kumtafuta mtoto wa miaka 12, mpaka anasimama penye msalaba. Mdomoni aliitamka ndiyo yake mara moja tu. Kuiishi kulimchukua miaka zaidi ya 30.

Basi naomba tupeane uzoefu wa hiyo sehemu ya baada ya malaika kuondoka. Leta la kwako, liwe dogo tu. Kama kuna aliyekukosea, usimtaje jina wala usitaje kanisa lake. Tusibishane madhehebu hapa. Na kama mwisho wake haukuwa mzuri, leta hivyo hivyo. Tunahitaji kusikia na za namna hiyo.

Wa stoo (Mwanza)

Amen mtumishi. Ngoja nianze mimi.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku moja gari limeshusha saruji, mimi na vibarua tukahesabu mifuko 270. Karatasi ya mzigo imeandikwa 300. Msimamizi akanipigia simu: weka saini kama ilivyo, jioni tutaonana. Wanaofanya kazi hizi wanajua kinachofuata. Ile 30 inakuwa imeshauzwa njiani, na ikifika siku ya kuhesabu mali, unaandika kwamba imeganda. Saruji ikiingia unyevu inakuwa jiwe, kwa hiyo hakuna anayeuliza sana. Akiuliza, anayekatwa mshahara ni kibarua aliyepanga mzigo chini badala ya kwenye mbao. Hicho ndicho kilichokuwa kinaniuma. Nilikuwa nawajua hao vijana, wengine tunasali nao.

Asubuhi ile tulikuwa tumesoma kwenye maombi, "Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Nikaandika 270, nikaweka saini, nikampa dereva nakala yake. Mkono ulikuwa unatetemeka, sitasema nilikuwa jasiri.

Haukupita muda nikaambiwa kampuni inapunguza watu. Aliyepunguzwa ni mimi peke yangu. Sasa hivi naendesha bodaboda ya mkataba, napeleka hesabu kwa mwenye chombo kila jioni. Kanisani wananiambia Mungu ataniinulia mlango mkubwa kuliko ule. Naamini anaweza. Bado haujafunguka, na ada za watoto ziko palepale. Ila binti yangu aliniuliza kwa nini niliacha kazi dukani, nikamweleza yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hapakuwa na sentensi hata moja niliyolazimika kuiruka.

Mwanzisha uzi (Dodoma)

Kaka, asante. Naomba wapendwa tusimharakishie baraka huyu ndugu yetu. Tumezoea mtu akitoa ushuhuda wa kupoteza, tunamkimbilia na "mlango mkubwa unakuja," kana kwamba uaminifu wake hautoshi mpaka ulipwe. Wale vijana watatu wa Babeli walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Waliyasema hayo kabla hawajaingia kwenye tanuru, hawajui watatoka.

Kama kuna mtu Mwanza anayetafuta mtunza stoo anayehesabu vizuri, aniandikie pembeni.

Mkwe wa Kibosho

Shalom. Mimi nimeolewa uchagani, na yangu inahusu mama mkwe.

Niseme ukweli kwamba hakunitaka. Si kwamba alinifanyia visa vikubwa, hapana. Alikuwa ananiita "huyo" mbele ya watu, na chakula nilichopika alikuwa anaonja tu na kusukuma sahani. Miaka imeenda hivyo. Kisha akapata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala na maneno yakapotea. Tukatoka naye hospitali, wanaume wakakaa kikao. Wakubwa wako Dar na Arusha, wana kazi zao. Kila mtu alikuwa anatoa sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli. Mume wangu alinyamaza. Hakunitazama hata mara moja, na nilielewa kwamba hataki kunilazimisha.

Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nimesimama mlangoni, nikajikuta nasema, mama atakaa kwangu. Nilipofika jikoni ndipo nikaanza kulia, maana nilijua nimesema nini.

Nawaeleza kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu watu husema "anamuuguza mama mkwe" kama jambo la dakika moja. Mgonjwa wa hivyo unamgeuza kila saa mbili, usiku na mchana, la sivyo anaota vidonda vya mgongo na kiuno, na vikishaanza kupona kwake ni shida. Kulia, chali, kushoto. Unaweka mto katikati ya magoti ili mfupa usisuguane na mfupa. Unapangusa, unakausha vizuri, unapaka mafuta. Uji unauweka mzito kidogo, maana mwepesi unampalia. Unamkalisha kwanza, unaweka kijiko upande wa mdomo ulio mzima, unangoja ameze, unatazama koo lipande na kushuka, ndipo unaweka kingine. Bakuli moja la uji linaweza kula asubuhi yako yote. Na dawa ya presha hairukwi hata akionekana mzima.

Ndiyo yangu ya pale mlangoni haikunifikisha hata wiki. Ilibidi niseme nyingine saa nane za usiku nikisikia saa ya mume wangu inalia. Siku nyingine nilisema huku nimekasirika. Nilikuwa namgeuza na moyoni namwambia Mungu, nafanya kwa sababu yako, kwa sababu huyu mimi simwezi. Sijui kama hiyo ni sala nzuri. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Kuna asubuhi moja namkausha miguu, akanishika mkono kwa ule wa kushoto ulio mzima. Maneno hayatoki. Alinishika tu mpaka maji ya beseni yakapoa. Hajawahi kuniomba msamaha na kwa hali yake hataweza tena, nami nimeacha kuungoja. Bado yuko, bado namgeuza. Wanawake wa jumuiya yetu wamejipanga zamu, Jumatano na Jumamosi mmoja anakuja ili nilale. Hiyo zamu niliiomba mwenyewe, na nawasihi mnaouguza, ombeni. Kumtii Mungu hakukukatazi kusema "nimechoka, nisaidieni."

Mwalimu wa watoto (Nakuru)

Wacha niseme kwa ufupi. Nilitaka kuimba kwaya. Kasisi akaniambia watoto wa shule ya Jumapili hawana mwalimu, nikaenda wiki moja nikingoja wapate mtu. Hawakupata. Siku hizi nikitembea mtaani natajwa jina na watoto nisiojua nyumba zao. Kwaya wanaimba vizuri sana bila mimi.

Dada wa Muscat

Wapendwa, mimi niko Oman, nafanya kazi za ndani. Huku mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo tunaopata ruhusa tunaenda kanisani Ruwi siku ya Ijumaa. Ukifika pale unakuta Wafilipino, Wahindi, Wakenya, Waganda na sisi Watanzania. Ijumaa nyingi sipati ruhusa. Kanisa langu linakuwa chumba changu na Biblia ndogo.

Nilikuja na hasira. Niliomba Mungu anipe huduma, nikiwa nyumbani nilikuwa mwombaji mzuri na niliongoza sifa. Huku nafua na kupika. Nilimwuliza Mungu, ndiyo hii?

Ninayemtunza ni bibi aliyezaliwa Unguja, anaongea Kiswahili kile cha zamani kitamu, ananiita mwanangu. Macho yamefifia. Alfajiri huamka kwa sala zao na anahitaji mtu wa kumshika mkono hadi bombani asiteleze, maana sakafu ni ya marumaru. Haikuwa kwenye makubaliano ya kazi. Mwanzo nilikuwa najifanya sijasikia akiita, wanawe wakaamka wenyewe. Kisha ule mstari wa Wakolosai, "lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu," ukanishika shingo. Nimesoma barua ile tena nikakumbuka maneno hayo aliandikiwa mtumwa. Mtu asiye na siku ya mapumziko kabisa. Na Paulo alikuwa anaandika akiwa kifungoni.

Kwa hiyo naamka. Namshika mkono, namwekea kiti, naye akishamaliza ananiambia, "Mungu akuweke, mwanangu." Mimi nasema amina, narudi chumbani na mimi naomba kwa jina la Yesu. Sijaacha imani yangu wala yeye hajaniomba niache. Kama kuna mtu anadhani huduma ni madhabahuni tu, aje anione saa kumi na moja alfajiri.

Msomaji wa muda mrefu (Mbeya)

Naleta la upande wa pili, mnisamehe kama naharibu uzi.

Kuna kiongozi wa kiroho alituambia mimi na mume wangu kwamba Bwana amesema tuuze kiwanja chetu, fedha iletwe kwenye kazi ya Mungu, na kwamba tukisita tutakuwa tumemwambia Mungu hapana. Aliweka na tarehe. Mume wangu alikuwa tayari kabisa, ana moyo mweupe. Mimi tumbo lilikuwa linanikataa. Nikaomba muda, nikaambiwa nina roho ya uasi. Nikaenda kwa mzee mmoja mwanamke wa kanisa, mtu wa maombi toka ujana wake, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili tu. Wangapi wengine wameambiwa neno kama hilo? Na fedha ikitolewa, nani anaihesabu? Tulipouliza hayo mawili mbele za watu, ile sauti ya Bwana ikanyamaza ghafla.

Hatukuuza. Lakini kwa muda mrefu nikisikia "sema ndiyo kwa Mungu" mwili wangu unashtuka. Naomba mnisaidie: unajuaje?

Mwanzisha uzi (Dodoma)

Dada, hujaharibu kitu. Umeleta jambo ambalo nilipaswa kuliweka juu kabisa, na naliongelea kwa uzito kwa sababu nimeona nyumba zikianguka kwa hilo.

Kumwambia Mungu ndiyo hakumaanishi kumwambia ndiyo kila anayesema ametumwa na Mungu. Yohana aliliandikia kanisa waziwazi: "msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho." Hiyo ni amri, na uliitii. Na mtazame tena Mariamu. Malaika mwenyewe, Gabrieli, amesimama mbele yake, naye anauliza, "Litakuwaje neno hili?" Hakuitwa mwasi. Alijibiwa. Mungu anavumilia swali. Anayekukataza kuuliza anaogopa jibu.

Ninavyopima mimi, na wengine waongeze: je, inaonekana kwenye Neno lote, au imekatwa kwenye mstari mmoja? Anayenufaika ni nani? Naweza kulisema hili mbele ya watu wanaonipenda bila kuficha sehemu? Na je, haraka inatoka wapi? Huyu wa stoo alitakiwa kuamua papo hapo na hilo lilikuwa la haki, kwa sababu uongo ulikuwa mezani tayari. Lakini mtu anayekuwekea tarehe ya kuuza kiwanja chako, kimbia.

Wa Sake (Kivu ya Kaskazini)

Jambo sana bandugu. Kiswahili changu ni cha Congo, mtanivumilia.

Mwezi wa tano 2021 mlima wa moto Nyiragongo ulilipuka, na siku chache nyuma yake serikali ikasema watu wa mji wa Goma watoke. Barabara ya kuja Sake ikajaa watu, mama na magodoro kichwani, watoto, mbuzi. Walilala kanisani, kwenye masomo (mashule), na chini ya miti. Mke wangu akasimama kwenye mlango, akaingiza familia moja ambayo hatukuwajua. Akaniangalia. Tulikuwa na maharagi na unga kidogo, na sisi ni wengi. Nikasema sawa. Kesho yake akaingiza ingine.

Tulikula bugali na mboga ya lenga-lenga, kila mtu kidogo. Tulikosana pia, sitaficha, kwa sababu ya choo na ya maji. Baada ya hapo vita ilikuja kwetu Sake na sisi wenyewe tukawa wakimbizi huko Goma, na tukapokelewa na watu wengine kabisa, si wale. Hapa kwetu tunamkumbuka Mwenyeheri Anuarite, sista kijana aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake kwa Mungu. Watu wanasema ndiyo yake ilikuwa ya siku ile. Mimi naona ilikuwa ya kila siku kule konventi Bafwabaka, kupika na kufundisha watoto, na siku ile ilimkuta ameshazoea.

Anayengoja (Iringa)

Nimesoma yote. Yangu ni ya kungoja. Tumeoana zamani na hatuna mtoto. Kanisani kwetu kila Jumapili ya ubatizo naketi palepale nilipozoea, na mtoto akiletwa mbele nasimama na wengine kuahidi kwamba usharika utamlea. Kuna miaka nilikuwa natafuta udhuru nisiende. Sasa naenda, nabeba na zawadi. Sijajibiwa. Sitaki mtu aniwekee hapa simu ya mtumishi wa maombi, tafadhali.

Mkwe wa Kibosho

Dada wa Iringa, nimekusoma. Nimesimama na wewe.

Kijana wa Kahama

Shikamooni wakubwa wote. Mimi sina ushuhuda, nina jambo la Jumamosi hii.

Kaka yangu alifariki na mke wake alishatangulia. Wameacha watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na wa kiume ana minne. Kikao cha ukoo kimepangwa Jumamosi. Nimesikia minong'ono kwamba wa kiume atachukuliwa na shangazi na wa kike apelekwe kwa ndugu mmoja mjini "akasaidie kazi." Mimi nina miaka 26, nimeoa mwaka jana, chumba na sebule, nachomelea mageti. Tangu msiba nikisali naona sura za hao watoto. Sijalala. Naogopa kusema nawachukua kisha nikashindwa, na naogopa kukaa kimya. Mnanishauri nini?

Mwanzisha uzi (Dodoma)

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Kwanza, umezungumza na mkeo? Usiende kwenye kikao na jibu ambalo hajalisikia. Ndiyo hii ni yenu wawili, na yeye ndiye atakayekuwa nao mchana.

Kijana wa Kahama

Nimemwambia jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kitanda tutakiweka upande gani wa sebule.

Wa stoo (Mwanza)

Basi ameshajibu huyo. Mdogo wangu, nenda mapema Jumamosi, ukaongee na shangazi kabla kikao hakijakaa, kwa heshima. Waombe wazee kila mmoja aseme mbele ya wote atachangia nini, hata debe la mahindi, na iandikwe. Vyeti vyao vya kuzaliwa viko wapi? Ulizia kabla vitu vya marehemu havijagawanywa, bila hivyo utasumbuka shuleni.

Mkwe wa Kibosho

Na huyo wa kike asiende "kusaidia kazi" kwa mtu. Miaka tisa ni darasa la tatu. Simama hapo usisogee, hata wakikuita mtoto. Wachukue wote wawili, walale chumba kimoja, wasitenganishwe. Kitanda cha ghorofa unaweza kukichomelea mwenyewe, chuma unacho. Tuandikie Jumapili utueleze ilikuwaje.